Fundi Kwanza, Mchoro Baadaye: Nyumba ya Likizo Iliyotengenezwa Upya Pwani ya Yucatán

Hotuba hii niliitoa Tanga mbele ya waashi, maseremala, wafumaji na wabunifu wa ndani ya nyumba. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha nilizozionyesha siku ile nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu mafundi, dada zangu wafumaji, na nyinyi vijana wa vyuo vya ufundi mliojaa huku mbele, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya upambaji wa nyumba. Nimechagua nyumba moja tu, tena ya mbali: nyumba ya likizo iliyoko pwani ya Yucatán, kusini mashariki mwa Mexico. Nilikwenda mji wa Mérida, kule kule Yucatán, kujifunza usanifu wa ndani, nikapata kazi katika ofisi ndogo, na nyumba hiyo ikawa miongoni mwa kazi zetu.

Mtauliza, Yucatán na Tanga wapi na wapi? Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ambako ilikuwa imefika kutoka Yucatán. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni miche 62. Hiyo 62 ndiyo iliyoanzisha mashamba ambayo babu zetu waliyalima na ambayo reli yetu iliyabeba mazao yake. Wenzetu wa Yucatán walikuwa na zao lao, henequen, ndugu wa damu wa mkonge. Nao waliliita dhahabu ya kijani, kama sisi tulivyouita mkonge. Kwa hiyo leo sisemi habari za watu wa kando.

Neno langu ni moja, na nitalirudia: ufundi wa mahali uwe nyumba yenyewe, usiwe pambo la nyumba. Uwe ukuta. Uwe sakafu. Uwe kitanda cha kulalia. Ukiishia kuwa kitu cha kuning'iniza sebuleni ili wageni wakipige picha, umemnunulia fundi siku moja ya kula, basi.

Sasa nyumba yenyewe. Iko Chicxulub Puerto, kijiji cha wavuvi karibu na Progreso. Wanajiolojia wa dunia nzima wanalijua jina hilo, kwa kuwa kimondo kikubwa kiliangukia eneo lile miaka milioni 66 iliyopita. Watu wa Mérida wanalijua kwa sababu nyingine: Julai na Agosti joto la mjini likizidi, familia zinahamia pwani na watoto, bibi, mbwa na masufuria. Sehemu ya mbele ya nyumba ilijengwa na babu wa familia katika miaka ya 1950 kwa mawe na chokaa. Vyumba vya nyuma viliongezwa baadaye kwa matofali ya saruji. Halafu ukaja ukarabati wa kisasa: dari ya jasi, milango ya mbao za kubandika, rangi ya mafuta kuta nzima, sakafu ikafunikwa kwa zulia la plastiki. Tulipoikuta, dari ilikuwa imevimba kama tumbo la samaki aliyekufa. Rangi ilibanduka kwa mapande. Bawaba zilikuwa zimeliwa na kutu hata mlango ukiuvuta unabaki nao mkononi.

Mama mwenye nyumba, mjukuu wa yule babu, alikuja ofisini na orodha. Alitaka vigae vya Talavera vyenye sura ya jua, vinyago vya chui kutoka Guerrero, mablanketi ya Saltillo, sanamu za mafuvu zilizopakwa rangi, masufuria ya shaba ya Michoacán. Akasema, "Nataka mtu akiingia tu ajue yuko Mexico."

Ndugu zangu, mtu aliyeko Mexico anahitaji ukuta umkumbushe kwamba yuko Mexico? Ile ni orodha ya duka la uwanja wa ndege. Kila kitu ndani yake ni kizuri kikiwa kwao, na kila kimoja kimetengenezwa na mikono inayostahili heshima. Lakini ukivijaza vyote katika chumba kimoja, hakuna hata kimoja kinachofanya kazi. Vinatazamana tu. Na huku nyuma yao ukuta unaendelea kubanduka.

Tulimwomba mama yule atupe siku chache tuzunguke naye, siyo madukani bali kwenye karakana. Alikubali. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Nianze na ukuta, kwa sababu ukuta ndio uliokuwa ukilia zaidi.

Yucatán ni jiwe la chokaa tupu. Hakuna mito juu ya ardhi. Maji yote yanapita chini kwenye mapango. Watu wa Maya, wenyeji wa kule, walichoma chokaa, wakasaga jiwe laini liitwalo sascab, wakapiga plasta kwa karne nyingi. Wazee wa Pangani na Kilwa mnaoijua chokaa ya matumbawe, mngekaa na mwashi wa kule mkaelewana bila mkalimani. Kule wana kitu kimoja ambacho sisi hatuna: mti uitwao chukum. Ni mti wa miiba wa misitu mikavu. Wanachukua gome lake, wanalichemsha mpaka maji yawe mekundu ya kahawia, wanayaacha yapoe, kisha wanayatumia maji hayo kukandia plasta ya chokaa au saruji nyeupe na vumbi laini la mawe. Plasta inapigwa kwa tabaka jembamba na kusuguliwa kwa mwiko mpaka ing'ae. Utomvu wa gome unafanya ukuta ukatae maji. Hata matangi na mabwawa ya kuogelea yanapakwa plasta hiyo.

Ufundi huu ulikaribia kupotea saruji ya viwandani ilipoenea. Uliamshwa miaka ya 1990 na wasanifu waliokuwa wakikarabati nyumba kuu za mashamba ya zamani ya henequen, akiwemo Salvador Reyes Ríos wa Mérida. Mnaona? Haukuamshwa na jumba la makumbusho. Uliamshwa na kuta zilizokuwa zinahitaji kupakwa.

Mwashi wetu, ambaye pale wote walimwita maestro, yaani fundi mkuu, alifika asubuhi akiwa na vijana wake na mapipa ya maji ya gome. Akatuuliza swali moja: ukuta mrefu wa sebule unaanzia wapi na kuishia wapi? Kwa sababu, alisema, ukuta huo lazima uanze na kuisha siku hiyo hiyo, kwa maji ya pipa hilo hilo. Ukisimama katikati ukaendelea kesho, alama ya kesho haitafutika. Basi walijipanga kwa mstari, mmoja juu ya jukwaa, mmoja chini, mmoja anakanda, mmoja anasugua, wakaenda pamoja kutoka kona hadi kona. Hakuna aliyekwenda kula mpaka kona ya pili ilipofika.

Siku tatu baadaye mama mwenye nyumba alikuja. Akaona ukuta una rangi ya mchanga wenye wekundu kidogo, na ndani yake vivuli vivuli, mahali umekolea, mahali umepauka. Hakufurahi. Aliuliza kama utapakwa rangi juu ili uwe sawa. Maestro hakubishana naye. Alichukua ndoo ya maji, akaumwagia ukuta. Maji yakateremka, yakakusanyika sakafuni, ukuta ukabaki vile vile. Akamwambia, "Rangi itabanduka mwaka ujao. Ukuta huu wajukuu wako watauosha." Mama akaugusa ukuta kwa kiganja, akaupapasa muda mrefu. Habari ya rangi haikurudi tena.

Pwani tunajua chumvi ni nini. Tunajua rangi ya mafuta juu ya ukuta wa chokaa inafanya nini: inaufungia unyevu ndani, unyevu unasukuma kutoka, na kila mwaka mwenye nyumba ananunua ndoo nyingine. Je, ni nyumba ngapi za Pangani, ngapi za Mji Mkongwe, zinauawa hivyo kila mwaka kwa jina la kupendezeshwa?

Sakafu nitaisema kwa ufupi, ingawa naipenda. Tulipong'oa zulia la plastiki katika sehemu ya babu, chini yake tulikuta vigae vya saruji vyenye maua ya kijani na nyekundu, vile wanavyoviita mosaico de pasta. Vililetwa Yucatán kutoka Ulaya wakati wa utajiri wa henequen, baadaye vikatengenezwa Mérida kwenyewe. Havichomwi. Fundi anaweka kalibu ya chuma yenye vyumba vyumba, anamimina saruji ya rangi katika kila chumba kwa kijiko, anainua kalibu taratibu rangi zisichanganyike, anaongeza saruji kavu nyuma, anabana kwa mashine, kisha kigae kinakaa majini kikomae. Vigae vya pembeni vilikuwa vimevunjika. Tukachukua kipande kimoja, tukaenda nacho kwenye karakana ya zamani mjini. Fundi alikitazama, akaingia chumba cha nyuma, akarudi na kalibu yenye ua lile lile. Ilikuwa rafuni mwake, na vumbi lake. Vigae vipya vikakaa kando ya vya babu, na baada ya msimu mmoja wa miguu ya watoto hutofautishi kwa urahisi. Ila angalizo moja kwa wapishi: saruji haipendani na tindikali. Mapishi ya Yucatán yana maji ya mchungwa mchungu kila siku, na tone likiachwa usiku mzima linaweka doa jeupe. Jikoni tuliweka jiwe.

Sasa nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wabunifu wengi wanapopita haraka.

Nyumba ya likizo ni nyumba ya namna gani? Ni nyumba inayofungwa! Watu wanaichora kana kwamba ni nyumba ya Julai, ya jua, ya vicheko. Lakini Julai na Agosti ni miezi miwili. Miezi kumi nyumba iko gizani, imefungwa, baharini hapo hapo, na kati ya Juni na Novemba ni msimu wa vimbunga. Gilberto ya 1988 na Isidoro ya 2002 bado zinahesabiwa kule kama sisi tunavyohesabu miaka ya njaa. Kwa hiyo swali la kwanza la nyumba ya likizo ni: kitu hiki kitafanya nini kikiachwa peke yake?

Uliza hivyo, kisha utazame godoro. Godoro nene la sponji, kwenye chumba kilichofungwa pwani miezi kumi, linakuwa shamba la kuvu. Mama yule alikuwa akinunua magodoro mapya kila baada ya misimu michache, kwa vyumba vinne. Bibi yake, je? Bibi yake alilala kwenye hamaka maisha yake yote, kitanda cha wavu wa nyuzi kinachoning'inizwa kati ya kuta mbili. Yucatán nzima inalala hivyo, tajiri na maskini. Mwashi anapojenga anaziacha kulabu ndani ya ukuta, mita 3 hadi 4 baina yake, kama huku tunavyoacha nafasi ya swichi. Unalala kwa mshazari, mgongo unanyooka, upepo unakupitia chini. Wageni wakiongezeka, unaongeza hamaka, chumba cha watu wawili kinalala sita. Likizo ikiisha unaifua, unaianika juani, unaikunja, unaitia sandukuni.

Tukaenda Tixkokob, mji ulio mashariki mwa Mérida, ambako fremu za kufumia ziko mpaka vibarazani: miti miwili iliyosimama, na shada la uzi linalokwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Kufuma hamaka kubwa ya pamba nzuri ni kazi ya wiki kadhaa, kwa kuwa wafumaji wengi ni kina mama wanaoifanya kati ya chakula cha mchana na cha jioni. Mfumaji mmoja wa makamo alimuuliza mama mwenye nyumba: "Ni ya kulala au ya kuonyesha?" Hamaka za kuonyesha zina rangi nyingi na nyuzi chache. Za kulala ni nzito, nyuzi zake zimesongamana, na bei yake si moja. Mama akajibu, "Ya kulala." Nilipomsikia akisema hivyo, nilijua kwamba ile orodha yake ya kwanza imekwisha.

Vyumba vinne vikabaki na kitanda kimoja kimoja cha mbao kwa wasioweza hamaka, chenye godoro jembamba la pamba linaloweza kubebwa na mtu mmoja hadi juani. Mengine yote ni kulabu.

Kwa mantiki hiyo hiyo tulikwenda mbele. Milango na madirisha yalifanywa kwa tzalam, mti wa misitu ya rasi ile ile, mzito, wa rangi ya kahawia iliyoiva, wenye mabapa ya kupitisha upepo hata nyumba ikiwa imefungwa. Viungo vya mbao kwa mbao, bawaba za shaba, chuma tukakipunguza mpaka karibu kuisha. Mhimili wa juu ya mlango mkubwa ni wa chicozapote, mti ule ule unaotoa utomvu wa ubani wa kutafuna. Mihimili ya mti huo ilipachikwa na Wamaya juu ya milango ya mahekalu ya Tikal, nchini Guatemala, na baadhi ilikuwa bado imebeba jiwe baada ya miaka zaidi ya elfu moja. Mbunifu wa ng'ambo akikuletea katalogi ya mbao zinazovumilia hali ya hewa, mwulize kwanza kama zimepata mtihani wa namna hiyo.

Na zile Talavera? Sikuzisahau, wala mama hakuzisahau.

Talavera ni ya Puebla, zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara kutoka pwani ile. Ni ufinyanzi wa heshima kubwa. Udongo wa aina mbili unachanganywa, unaachwa upumzike, chombo kinachomwa mara mbili, na mpako mweupe wa bati ndio unaopokea rangi. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2019, pamoja na wa ndugu zake wa Uhispania. Buluu yake ina historia inayotuhusu: kati ya 1565 na 1815 merikebu za Manila zilikuwa zikishusha Acapulco shehena za China, na wafinyanzi wa Puebla wakaziona zile sahani za buluu na nyeupe. Ni ukoo mmoja na sahani ambazo wazee wetu wa Lamu walizipanga kwenye zidaka, na ambazo zimepachikwa kwenye nguzo za makaburi ya Kunduchi. Bahari mbili tofauti, sahani za nchi moja.

Tulimwambia mama hivi: chagua mahali, kisha ubaki hapo. Nyumba hii ni ya Yucatán. Ikiwa Mexico nzima itaingia, Yucatán itatoka. Kipande kimoja cha mbali kinaruhusiwa, kiwe kimoja, na kiwe na kazi. Akachagua bakuli kubwa la Talavera la kuwekea matunda mezani, akalifuata Puebla mwenyewe.

Vyombo vya jikoni tukavitafuta Ticul, mji wa wafinyanzi kusini mwa Mérida. Na hapa nawaomba kina mama na kina baba mnisikilize, kwa kuwa hili ni la afya. Nchini Mexico vyombo vingi vya udongo vya bei ndogo hupakwa mpako unaong'aa wenye madini ya risasi, wanaouita greta, na huchomwa kwa moto usiotosha. Ukipikia au ukiweka kitu chenye ndimu au nyanya, risasi inaingia kwenye chakula, na mwili wa mtoto ndio unaoumia zaidi. Mpako usio na risasi upo, na wafinyanzi wengi wameuhamia. Kwa hiyo mbunifu asiyeuliza chombo kimepakwa nini, hata kama kimependeza vipi, ameiacha nusu ya kazi yake mlangoni.

Nije kwa vijana wa vyuo. Nyinyi mnafundishwa kuchora kwanza. Mnachora, mnapiga hesabu, ndipo mnamtafuta fundi wa kuitii karatasi. Mimi nawaomba mgeuze mpangilio huo.

Alikuwepo mwanamke mmoja aliyeitwa Clara Porset. Alizaliwa Cuba mwaka 1895, akahamia Mexico mwaka 1935 kwa sababu za kisiasa, akaishi huko karibu maisha yake yote yaliyobaki. Alikuta kiti kilichokuwa kikitengenezwa vijijini tangu enzi za wakoloni, butaque, kiti cha chini chenye mgongo uliolala, cha ngozi au cha majani ya kusuka. Hakukidharau, wala hakukiweka juu ya rafu. Alivipima viti vya zamani, akapima na miili ya watu wanaokaa, akarekebisha mwinamo na upana, akaketi na maseremala, akakitoa upya. Luis Barragán, msanifu mkubwa wa Mexico aliyepata Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo, mwaka 1980, aliweka samani za Porset ndani ya nyumba zake. Na mwaka 1952 Porset aliandaa mjini Mexico City maonyesho ya vitu vya matumizi ya kila siku, vya mkono na vya kiwanda vikiwa bega kwa bega, bila kimoja kuwekwa chini ya kingine. Mwanamke huyo namheshimu kuliko wabunifu wengi ambao majina yao mnayakariri kwa ajili ya mtihani.

Ofisi yetu ilifuata njia hiyo. Meza ya chakula haikuchorwa mpaka tulipokwenda Dzityá, kijiji cha wachongaji mawe na wakereza mbao kando ya Mérida. Seremala alikuwa na mbao za tzalam zilizokuwa zikikauka kivulini. Zilikuwa fupi, hakuna hata moja iliyofika urefu wa meza ya watu kumi na wawili. Tungeweza kuagiza ndefu, mbichi, zikapinda mwaka wa pili. Badala yake tulikaa chini pale pale, tukapanga meza tatu za mraba zinazounganishwa sikukuu na kutenganishwa siku za kawaida. Familia imeipenda meza hiyo kuliko kitu kingine chochote ndani, kwani moja huenda barazani kwa wacheza dhumna. Beseni la jiwe la kunawia lilitoka kijiji hicho hicho.

Taa nazo zilitoka Bécal, katika jimbo jirani la Campeche, ambako wanasuka kofia kwa ukindu wa jipijapa. Kule wasusi hushuka kusukia kwenye mapango ya chokaa chini ya nyumba zao, kwa sababu unyevu wa pangoni unaufanya ukindu uwe laini usikatike. Nilishuka na kukaa nao. Mwanga ni hafifu, vidole vinakwenda vyenyewe, mazungumzo hayakatiki. Tuliwaomba wasuke vifuniko vya taa kwa ukindu ule ule na mkono ule ule. Hatukuwapa umbo la ajabu. Tuliwapa kipimo cha balbu na umbali wa kutoungua, wakatengeneza.

Sasa malipo. Hili nimelitunza kwa sababu ni zito, na sisi wa Tanga tuna haki ya kulisema.

Dhahabu ya kijani ya Yucatán ililimwa na nani? Ililimwa na Wamaya waliofungwa kwenye mashamba kwa madeni yasiyoisha, na Wayaqui, wenyeji wengine waliokamatwa kaskazini mwa nchi wakapelekwa kule kwa nguvu. Zile sakafu nzuri za maua zilikanyagwa na wenye mashamba. Na huku? Huku tulikuwa na manamba, watu waliotolewa makwao mbali kwa mkataba, wakahesabiwa kwa namba. Mazao ndugu, pwani mbili, migongo ile ile. Kwa hiyo ukiniambia unapenda ufundi wa asili lakini fundi mwenyewe unambana kwenye bei mpaka anatoa jasho, sitakuelewa.

Tulikubaliana mambo haya na mama mwenye nyumba kabla ya kazi. Bei anaitaja fundi, na hatuipunguzi. Kama ni kubwa kwetu, tunapunguza idadi. Nusu inalipwa mwanzoni, kwa kuwa mfumaji hawezi kununua uzi kwa ahadi. Muda anaupanga fundi pia. Wakati wa sherehe za kijiji hakuna kazi, na wakati wa kupanda mahindi wengine hawapo. Haya tuliyaandika kwenye kalenda tangu mwanzo, yasije yakaitwa ucheleweshaji.

Likaja jambo la mito ya kuegemea. Kikundi cha kina mama wa kijijini kilitudarizia foronya kwa xokbil chuuy, ushonaji wa misalaba midogo unaohesabiwa uzi kwa uzi, maua mekundu juu ya pamba nyeupe. Zilipofika, ndugu mmoja wa familia alipendekeza tuzipige picha, nakshi ichapwe kiwandani, tupate mapazia ya nyumba nzima kwa bei ndogo. Tukaenda kuwauliza wenyewe. Walizungumza kwa Kimaya kitambo, kisha mkubwa wao akasema hapana: hayo maua kila mmoja kafundishwa na mama yake, na yakishachapwa mara moja hatuyashiki tena.

Alikuwa na haki, na sheria za nchi yake zimekwenda upande wake. Mwaka 2021 Wizara ya Utamaduni ya Mexico iliziandikia kampuni tatu za mavazi za kimataifa kuzitaka zieleze zilivyotumia nakshi za jamii za Oaxaca. Januari 2022 ikatoka sheria ya shirikisho inayotambua kwamba nakshi na kazi za namna hiyo ni mali ya pamoja ya jamii za wenyeji na za Wamexico wenye asili ya Afrika, na kwamba anayetaka kuzitumia kibiashara apate kwanza ridhaa ya jamii yenyewe. Ndugu zangu wabunifu wa khanga, wachongaji wa milango, wasusi wa mikeka mliomo humu, hilo nawaomba mlitafakari.

Mapazia tukayashona kwa pamba nyeupe tupu. Foronya zikabaki sita. Jina la kila aliyeidarizi limeshonwa upande wa ndani, kama vile maestro alivyochora lake kwa msumari kwenye plasta mbichi nyuma ya mlango wa jikoni, na seremala akalichonga lake chini ya meza.

Jambo la mwisho ni la kawaida sana, na wengi hulisahau. Nyumba ya chokaa, mbao na nyuzi inahitaji mikono irudi. Katika mkataba mliwekwa sehemu ya matunzo: kila mwaka, kabla familia haijahama Mérida, maestro anakuja kukagua kuta, seremala anapaka mafuta milango, na hamaka zilizolegea zinarudishwa Tixkokob kutiwa nyuzi mpya. Wanalipwa kwa kazi hiyo kama walivyolipwa mwanzo. Gharama yake kwa mwaka ni ndogo kuliko ya magodoro aliyokuwa akiyatupa.

Nimemaliza upande wangu. Naona fundi mmoja pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja maji ya gome. Mpeni kipaza sauti, aanze yeye.